Kofia Iliyobaki Moja

Mpaka leo sijui kwa nini kofia yangu ilibaki moja. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, nimelichora kwenye karatasi na kwenye vumbi la dirisha, na bado. Jumanne ile, katika ukumbi wa mji wetu, Delphine Kasprzak aliingia ndani ya sanduku lake mbele ya macho yetu, milango ikafungwa, kisha sauti yake ikaniita kutoka mle ndani nipande jukwaani nifungue. Nikafungua. Sanduku lilikuwa tupu, limepakwa rangi ya siagi juu hadi chini, limesimama kwenye miguu minne myembamba kama ya kuku, na chini yake ukuta wa nyuma ulionekana wote. "Tundika kofia yako humo," sauti ikasema. Kulikuwa na kulabu, nikatundika. Fundi yeyote wa vifaa vya mazingaombwe atakwambia kwamba sanduku tupu lenye mtu ndani lina kioo, na kioo hakina adabu: ukikipa kofia moja kinakurudishia mbili. Mimi niliona moja.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kijiweni. Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya mgahawa wa donati, mkabala na ghala la mahindi, na kwa mwaka mzima hatuna la kuamua isipokuwa kama mvua itanyesha. Lakini kila Agosti mji hujaa wafanya mazingaombwe. Wanapiga mahema kwenye uwanja wa shule, wanakula mahindi ya kuchemsha, wanakatana vipande na kuungana tena, na Jumamosi alasiri kuna onyesho kubwa. Kifaa cha mwisho, kile kinachofunga pazia, huchaguliwa na benchi letu. Kanuni tuliikuta: kinafunga kile ambacho benchi limekitazama kutoka mbele na likashindwa kukifumbua. Vyote vikifumbuliwa, kinafunga kile cha mwaka jana. Nasi tulikuwa tumefumbua kila kitu kwa miaka mingi, kwa hiyo kwa miaka hiyo yote kilikuwa kinafunga kifaa kilekile, Kabati la Malkia, kazi ya mikono ya Orrin Vandersloot.

Orrin naye anakaa benchini. Unaweza kusema ni sawa na kumpa fisi kazi ya kuhesabu mbuzi, lakini mji mdogo hauna mafundi wa kutosha kuwachagua wasio na tamaa. Tunamwita Nyuzi, kwa sababu hata ukimuuliza habari ya goti lake atakutajia linakunjika kwa nyuzi ngapi. Wa pili ni Lowell Pruitt, Mahameli, ambaye kazi yake ni kuvika masanduku kitambaa cheusi ndani. Cheusi mbele ya cheusi jicho halioni, na hilo limemfanya aamini kwamba kila kilichopotea duniani kimefunikwa na kitambaa chake. Wa tatu ni mimi, Mistari. Mimi hupaka rangi. Ubao mnene naupiga mstari wa dhahabu na kivuli chini yake, nawe uliyekaa kwenye kiti utaapa kwamba hata paka hapenyi mle. Ukingo wa kioo ninauzika ndani ya mstari, usiuone milele.

Sanduku la Delphine halikuwa na mstari hata mmoja. Halikuwa na kitambaa. Na pembe zake hakumuuliza Orrin. Nadhani msomaji ameshaelewa tulikuwa tumekaaje asubuhi ile.

Ilibidi tuamue kabla ya saa sita, maana mchana ubao wa onyesho ungetundikwa mlangoni pa ukumbi. Tukilifumbua sanduku la Delphine, Malkia anafunga kama kawaida. Tukishindwa, Orrin anakaa kwenye viti na watu wengine.

Mahameli ndiye aliyeanza, sukari ya donati ikiwa bado kidevuni.

— Jamani, nimelala nikalifumbua.

— Umelala, akasema Orrin. Hapo nakuamini.

— Ni kitambaa.

— Ndani ni rangi ya siagi, bwana.

— Basi kitambaa cha rangi ya siagi.

— Kitambaa cheusi kinafanya kazi kwa sababu ni cheusi, Mahameli. Hiyo ndiyo kazi yake pekee.

— Ndiyo maana hukukiona. Kikulacho ki nguoni mwako.

Orrin alimtazama kama mtu anayetazama mbwa wa jirani, kisha akaanza la kwake, taratibu, akichora kwa kidole juu ya paja. Sitasema siri ya mtu nikieleza Kabati la Malkia, maana mjini kwetu hata watoto wa darasa la pili wanaijua. Ni vioo viwili vilivyosimama, vimekutana kama kitabu kilichofunguliwa na kukugeuzia mgongo. Kila kimoja kinakuonyesha ukuta wa pembeni, nawe unadhani unaona wa nyuma. Pale vinapokutana kuna nguzo nyembamba ya kuficha kiungo. Nyuma ya vioo, katika nafasi ndogo ya pembetatu, anasimama mtu na kuzuia pumzi. Pembe ni nyuzi arobaini na tano kila upande, na Orrin alikuwa na uwezo wa kuikata kwa jicho.

Sasa akasema Delphine ameiba hiyohiyo, ila amebana vioo kidogo.

— Hakuna nguzo mle, nikamwambia. Nilikuwa mbele ya mlango.

— Nguzo ipo.

— Haipo, Orrin.

— Ipo, ila haionekani.

— Kazi ya nguzo ni kuonekana, Nyuzi. Ndiyo maana tunaiwekea mapambo.

— Na kofia? akauliza Mahameli. Kwenye vioo vyako kofia inakuwa mbili.

Orrin alikunywa kahawa iliyokuwa imeshapoa.

Mahameli akasema shida yote ni heshima. Siku ile ukumbini tungepita tu nyuma ya sanduku, au walau tungepiga magoti, mambo yangekwisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Orrin akamkumbusha kwamba sanduku lile halina mvungu, lina miguu na hewa, na kwamba fundi anayepita nyuma ya sanduku la mwenzake hapati tena pa kukaa katika mji huu, achilia mbali benchini. Hilo ni kweli. Nimemwona mtu akihama na familia yake kwa kosa hilo. Tunaweza kuibiana wateja, tukasemana hadi makaburini, lakini nyuma ya sanduku la mwenzio hupiti.

Kwa hiyo tulikuwa na macho ya Jumanne tu, na kila aliyekuwa na macho hayo alikuwa na sababu ya kutoyaamini.

Orrin alijaribu tena. Akasema kioo kimelazwa, kinaonyesha dari, na dari imepakwa sawa na ukuta. Nikasema kofia ingekuwa na kofia nyingine miguu juu. Mahameli akasema basi si kioo cha kawaida, ni ile karatasi ya kung'aa ya kufungia keki, imevutwa kama ngozi ya ngoma, na mtu aliyejificha anaikunja mara tu kofia inapoingia. Orrin akauliza huyo mtu amejificha wapi. Mahameli akasema nyuma ya Delphine. Orrin akauliza Delphine amejificha wapi. Mahameli akasema mambo mengine ni ya kuachia vijana.

Lori la mahindi likapita. Kisha nikaona Orrin anatazama kichwa changu.

— Ndiyo hiyo?

— Ndiyo ipi?

— Kofia. Ndiyo hiyo uliyotundika?

— Ndiyo.

— Hebu ivue.

Nikaivua. Akaigeuza, akaichungulia ndani, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wote kama anayetafuta mwiba wa samaki. Mahameli akasogea. Wakaipokezana. Ni kofia ya kawaida ya majani makavu, nimeinunua kwa kuvulia samaki.

— Nusu ya kofia mbele ya kioo inakuwa kofia nzima, akasema Orrin polepole. Umeona? Kioo kinaipa nusu ya pili.

— Nilitundika nzima.

— Ulidhani. Alikupa nusu.

— Ilikuwa kichwani kwangu, Orrin. Nilitoka nayo nyumbani.

— Ulibadilishiwa ulipopanda ngazi. Nawe unajulikana, ukipanda ngazi unatazama miguu.

— Na hii je?

— Hii amekurudishia.

Mahameli akapiga paja kwa furaha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema, na ufa ndio huo. Wote wawili walikuwa wanatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nilijua namwondolea mtu chakula mdomoni, lakini nikageuza utepe wa ndani nikawaonyesha herufi za jina langu, alizoshona mke wangu Lorraine mwaka wa mwisho wa uhai wake, kwa uzi wa kijani uliokuwa umebaki kwenye pazia la jikoni. Nikawaambia niliziona herufi hizo wakati natundika, zote, hazikukatika na hazikugeuka.

Wakanyamaza kwa heshima ya Lorraine. Kisha wakaendelea.

— Alikushika mkono siku ile? akauliza Mahameli.

— Nani?

— Delphine. Kabla hajaingia ndani.

— Alinishika mwanzoni, kunisalimu, wakati nimekaa mstari wa mbele.

— Mkono wake ulikuwaje?

— Wa baridi kidogo. Ukumbini kulikuwa na feni.

Mahameli akajiegemeza nyuma, akafunga mikono kifuani.

— Kioo ni baridi.

— Unasema nini wewe?

— Nasema kioo ni baridi. Huyo aliyekushika hakuwa Delphine, alikuwa taswira yake. Mwenyewe alikuwa pembeni muda wote, nyuma ya pazia, anakula njugu. Sanduku lilikuwa tupu toka mwanzo, ndiyo maana ulilikuta tupu. Hakuna siri hapo, ni ukweli mtupu tu ulioachwa wazi.

Nilimwambia taswira haishiki mkono. Akaniambia nyani haoni kundule. Nikamuuliza maana yake nini hapa. Akasema maana yake ndiyo hiyo, nyani, kioo, yote yamo.

Nilitegemea Orrin amcheke. Hakucheka. Alikuwa amekiweka kikombe chini kati ya viatu vyake na anakitazama.

— Alijifunzia wapi? akasema.

Hakuwa anatuuliza sisi.

— Hajawahi kushika msumeno mbele yangu. Hajawahi kuniuliza hata pembe moja. Miaka yote hiyo, Mistari. Anakuja, anavua viatu, anaingia, anatoka, anakunja nguo, anakwenda kwake. Si angeniuliza tu? Ningemkatia. Ningemkatia bure.

— Ulimwambia hivyo?

— Jumanne nilimuuliza nani kamkatia vioo.

— Akasema?

Orrin alilirudia jibu kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma maneno ya lugha ngeni.

— Akasema, wewe umevitazama kwa mbele maisha yako yote. Mimi ndiye niliyekaa nyuma.

Nimesoma mengi juu ya wivu, katika vitabu vizito na vyepesi, na wengi walioandika humo wanauweka kati ya mtu na kile anachokitamani. Nikimtazama Orrin asubuhi ile sikuona mtu anayetamani sanduku. Lile sanduku angeweza kulipata; mpe wiki tatu na mbao nzuri atakutengenezea zuri zaidi kwa macho. Alichokosa ni ile miaka ambayo mtu alikuwa sentimita chache kutoka kwake, nyuma ya kioo alichokikata yeye, anafikiri, naye hakujua kwamba kule nyuma kuna kufikiri. Kama kulikuwa na jingine zaidi ya hilo kati yao, mimi sikuliona, na sitalisema.

Mahameli akamshika bega, kisha kwa nia njema kabisa akaharibu.

— Usijali, mzee. Mbwa mzee hafundishwi, lakini sisi tutamfumbua.

Basi Orrin akalitoa la mwisho, na nalisema hapa kama alivyolisema, bila kucheka, kwa sababu hata yeye hakucheka. Akasema hakuna sanduku. Jukwaa la ukumbi wetu ni bovu, kila mtu anajua limeinama kama nyuzi tatu kuelekea kushoto. Delphine amelisoma lile jukwaa, ameweka kioo kimoja kikubwa kutoka sakafuni hadi darini, na sanduku tulilolitazama liko mahali pengine kabisa, pengine chumba cha kubadilishia nguo, pengine nje ya jengo. Nilichokifungua ni hewa. Nilichotundikia kofia ni hewa.

— Kofia ilining'inia, Orrin.

— Ndivyo ulivyoona.

— Nilisikia kulabu.

— Sauti nayo inarudishwa na kioo.

— Kwa hiyo tunakubaliana? akauliza Mahameli. Hakuna sanduku. Kwangu mimi limefumbuliwa.

Wakanigeukia. Kura zilikuwa mbili, na kanuni inataka tatu. Nami niseme ukweli, nilisita. Nililiwaza sanduku lile la rangi ya siagi, laini, halina mstari wangu hata mmoja, na jinsi lilivyopendeza bila mimi. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo, hakuna.

Hapo mlango wa mgahawa ukafunguliwa, Yesenia Arreola akatoka na birika mkononi amelipindua kichwa chini, kutuonyesha. Yesenia aliununua mgahawa majira ya kuchipua kutoka kwa Bernadine, mwenyewe wa zamani, na Agosti yetu ilikuwa ndiyo ya kwanza kwake.

— Kahawa imekwisha, wazee wangu.

— Bernadine alikuwa anatuchemshia nyingine, akasema Mahameli.

— Bernadine aliniachia ujumbe mmoja tu, nisiwachemshie nyingine.

Hakuondoka lakini. Aliegemea fremu ya mlango akauliza tumefikia wapi, maana wateja wake wa ndani walikuwa wameanza kuwekeana dau la donati. Mahameli akamweleza habari yote, kanuni, Malkia, kofia, jukwaa lililoinama. Yesenia alisikiliza vizuri. Ana tabia ya kukunja uso kidogo mtu anapoongea, kama anayehesabu chenji.

— Kwa hiyo mkisema hakuna sanduku, la Bi Delphine linaondolewa.

— Ndiyo, binti.

— Na la Mzee Orrin ndilo linafunga Jumamosi.

— Hapohapo.

— Na ndani ya la Mzee Orrin anaingia nani?

Orrin alifungua mdomo. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nililiona pale, likasimama, likarudi ndani. Mdomo ukabaki wazi kidogo, kisha ukafungwa.

Yesenia alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa anatega. Alitaka kujua tu.

— Kuna mpwa wangu, akasema Mahameli.

— Mpwa wako ni mrefu kama mlingoti wa bendera, nikasema.

— Akikunja magoti?

— Hakuna pa kukunjia magoti, akasema Orrin. Ile nafasi nimeipima kwa mabega ya Delphine, kwa uzi. Nilimzungushia uzi pale karakanani, nikafunga fundo, nikalikata kabati kwa kufuata fundo. Haingii mtu mwingine mle. Hata ningetaka.

— Basi Bi Delphine ataingia, akasema Yesenia. Mmemuuliza?

Mahameli alifungua mdomo atafute methali, nami nikamwona akizunguka huku na huku ndani ya kichwa chake kama mtu aliyepoteza funguo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuipata. Asubuhi nzima tulikuwa tumekaa kwenye benchi lile tukimtoa Delphine ndani ya sanduku lake ili tumrudishe ndani ya la Orrin, asimame gizani azuie pumzi, halafu watu wapige makofi kumshangaa Orrin. Mafundi watatu wa vioo. Tulikuwa tumetafuta kila pembe ya mwanga, na hatukuwa tumetazama mtu aliyesimama nyuma.

Yesenia akaokota vikombe vyetu, akavibeba pamoja na birika tupu, akaingia ndani.

Orrin ndiye aliyesema, na alisema akitazama ghala la mahindi.

— Benchi halikulifumbua.

— Nyuzi, akasema Mahameli, tunaweza bado...

— Hatukulifumbua. Mistari, kura yako?

— Hatukulifumbua.

Mahameli akavuta pumzi, akakubali kwa kichwa. Ikawa imekwisha, na saa sita ilikuwa bado.

Lakini lilibaki jambo moja, nalo si dogo. Kioo cha jukwaani lazima kifutwe dakika ya mwisho kabla pazia halijafunguliwa. Ukumbi wetu una vumbi la mahindi, na punje moja ya vumbi kwenye kioo, taa zikiwaka, inaonekana kama inaelea hewani. Alama ya kidole inaua kila kitu. Kwa Malkia mpangilio ulikuwa rahisi. Orrin alisimama mbele ya pazia na kofia yake ndefu, akiwaamkia watu na kuwachekesha, na nyuma ya pazia Delphine alifuta vioo, kisha akaingia ndani. Safari hii atakayewaamkia watu mbele ya pazia ni Delphine. Kwa hiyo nyuma ya pazia lazima awepo mwingine, mwenye mkono wa kuvifuta, na huyo ataona kila kitu.

— Nitafuta mimi, akasema Orrin.

Mahameli akageuka mzima mzima.

— Wewe? Utaiona siri.

— Nitaiona.

— Si afadhali mimi? Mimi kioo sikijui, sitaelewa hata nikiona.

Lilikuwa neno la busara kuliko yote aliyosema siku hiyo, na hapohapo nikajua ananitangulia, kwa maana nami nilikuwa nataka kusema jina langu. Nilikuwa nalitaka sana. Lakini macho ya Orrin hayakuwa yanaomba, nasi tukaamua hivyo: sanduku la Delphine linafunga, na Orrin anafuta, kama mwenye sanduku atakubali. Wakanituma mimi nikamuulize.

Nilimkuta kibarazani kwake, anakwangua gundi kwenye kucha kwa kisu kidogo. Nilimwambia sehemu ya kwanza akasema asante, bila kusimama. Nikamwambia ya pili. Aliendelea kukwangua ukucha uleule kwa muda.

— Bado anachanganya siki ya kufutia? akauliza.

— Bado. Siki na maji, nusu kwa nusu.

— Miaka yote nimetoka mle ndani nanuka kama pipa la matango ya siki. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananifungulia dirisha kabla sijafika mlangoni.

— Hukumwambia Orrin?

— Hakuniuliza kukoje mle ndani. Hata siku moja, Mistari. Angeuliza tu, kukoje huko.

Akapuliza vumbi la gundi kwenye vidole.

— Mwambie maji matupu, akasema. Siki inakula ule upako wa fedha wa kioo pembeni. Na aje na mikono mikavu.

Nilirudi benchini nikalifikisha neno kama nilivyopewa. Orrin aliitoa mfukoni ile ngozi yake laini ya kufutia, akainusa, na nikamwona akikunja uso. Alhamisi na Ijumaa iliwekwa juani kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba yake, kila mpita njia akaiona.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa hadi madirishani. Delphine alisimama mbele ya pazia, amevaa gauni la rangi ya kahawia kama la kwenda kanisani, hana mapambo, na watu aliwachekesha kuliko Orrin alivyowahi kuwachekesha. Nasema hilo nikijua Orrin atalisoma. Nyuma ya pazia hatukuona kitu. Mimi na Mahameli tulikuwa tumemwekea Orrin kiti katikati yetu. Alikuja kwa mlango wa pembeni, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Haikunuka siki.

Mahameli alivumilia kadiri alivyoweza, yaani kidogo.

— Ni vingapi?

Orrin alikuwa anatazama pazia.

— Nyuzi. Ni vingapi?

— Alikuwa ameshavifuta, akasema Orrin. Vyote. Aliniachia kimoja.

— Kiko wapi?

Nikamtazama uso. Wivu niliokuwa nao tangu Jumanne, ambao nilikuwa nimeuelekeza kwa Delphine na nikaanza kuuzoea, ulinyanyuka hapo ukahama kiti, ukaja kukaa kwa Orrin, na huko upo hadi leo. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeambiwa siri na mwenye siri. Pazia lilikuwa linafunguka, na Delphine alikuwa ameshaanza kupitisha macho kwenye mistari ya mbele akitafuta mtu mwenye kofia.

Benchi liliamua sanduku la Delphine Kasprzak lifunge pazia, na kioo chake kifutwe kwa maji matupu. Aliyekifuta ni Orrin Vandersloot, na hajatuambia kiko upande gani.